Kitambulisho cha baba kimezama baharini: mtoto atapataje cha kwake?

*"Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu alikuwa mvuvi wa Kizingitini. Mwaka 2016 alitoka na wenzake wakati wa kusi, chombo hakikurudi wala miili haikuonekana, na kitambulisho chake alikuwa nacho. Baadaye nilihamia Malindi kwa ndugu zangu na watoto wamesomea hapa. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2003, nyumbani, kwa mkunga. Hana cheti cha kuzaliwa na hana kitambulisho. Kila tunapokwenda tunaambiwa tulete kitambulisho cha baba. Sasa ami yake yuko tayari aandikwe kama mwanawe ili mambo yaishe, na kuna mtu anataka shilingi 8,000 atushughulikie. Isitoshe, cheti chake cha darasa la nane kinasema babake ni Abubakar na babu ni Shee, ilhali marehemu aliandikwa Bakari na Shehe. Na tunaambiwa sisi Wabajuni lazima tukapigwe msasa Lamu. Je, nikubali aandikwe kwa ami yake? Nianzie wapi?"*

Waalaikumu ssalamu, dada yangu. Kwanza pole kwa msiba ambao haukukupa hata kaburi la kuzuru. Umeuliza mambo mengi kwa mara moja, lakini yote yanatokana na swali moja: kitambulisho cha baba huthibitisha nini, na asipokuwepo baba, nani mwingine anaweza kulithibitisha jambo hilo hilo kwa ukweli? Nitakujibu kwa urefu kwa sababu najua familia nyingi za Faza, Kiunga, Ndau na hata za Shela ya Malindi zimekwama mahali hapo hapo ulipokwama. Ila jibu la swali lako kuu nalitanguliza: usikubali kijana aandikwe kama mtoto wa ami yake. Ami huyo unamhitaji sana, lakini unamhitaji kama shahidi, na huwezi kumtumia kama shahidi ukiwa umeshamfanya baba.

Tuanze na hili la kitambulisho cha baba, kwa maana ndilo lililokuzungusha miaka yote. Kifungu cha 14 cha Katiba ya Kenya kinasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa, siku aliyozaliwa, mama yake au baba yake alikuwa raia. Neno lenye uzito hapo ni "au". Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kuwa kanuni hiyo inawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba kuanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, kwa hiyo mwanao wa mwaka 2003 hakuachwa nje. Wewe ni raia na una kitambulisho chako. Uraia wa mwanao umetimia kwako wewe peke yako, hata kama kadi ya babake ingekuwa imelala kwenye sanduku hapo nyumbani.

Kwa nini basi watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaokaa nyuma ya meza, huamini kwamba bila baba hakuna kitambulisho? Imani hiyo ina historia. Sheria ya usajili wa watu ilitungwa mwaka 1947 ikiwalenga wanaume peke yao, na ilipofika mwaka 1978 ndipo wanawake walipoingizwa. Kizazi kizima cha mama zetu kiliishi bila kipande, yaani kitambulisho, na kilichokuwa kikitolewa kama ushahidi wa familia kilikuwa cha baba kwa sababu hakukuwa na kingine. Katiba ya zamani nayo, kwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, ilimtazama baba tu. Mazoea yaliyojengwa kwa namna hiyo hayafutiki siku sheria inapobadilika. Anayekuambia "leta cha baba" mara nyingi hakuonei kwa makusudi, anarudia alichofundishwa. Wewe mjibu kwa adabu kwamba kitambulisho cha mama ndicho hiki, na kuhusu baba una barua na kiapo kinachoeleza kwa nini chake hakipatikani. Usiondoke kabla hajaziona karatasi hizo.

Hapo nimekwisha kugusa jinsi ombi lenyewe linavyofanya kazi, na nadhani ukilielewa vizuri hutababaishwa tena na maneno ya njiani. Anayeomba kwa mara ya kwanza hujaza fomu ambayo ofisini huitwa 136A. Fomu hiyo kwa hakika inauliza mambo matatu. Kwanza, huyu ni nani na ametimiza miaka 18? Hilo hujibiwa na cheti cha kuzaliwa pamoja na vyeti vya shule. Pili, ni mtoto wa raia? Hilo hujibiwa na kitambulisho cha mzazi. Tatu, je, anajulikana na watu wa mahali anapodai kutoka? Hilo hujibiwa na chifu au naibu wake, wakisaidiwa na wazee. Baada ya hapo huchukuliwa picha na alama za vidole vyote kumi, kisha taarifa hizo hupelekwa Nairobi, ambako alama hulinganishwa na zilizokwisha kuwekwa, ili mtu mmoja asipate kadi mbili na watu wawili wasitumie jina moja. Kadi huchapishwa huko na kurudishwa katika ofisi ulikoombea.

Mtu anaponiambia ombi lake "limekataliwa", jambo la kwanza ninalouliza ni swali lipi kati ya hayo matatu halikujibiwa. Kwa mwanao, la pili halina shida kwa sababu upo wewe. Lililokosa jibu ni la kwanza, kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa, na la tatu limelegea kwa sababu mlihama kisiwani akiwa mdogo na naibu wa chifu wa sasa huenda hamjui kwa sura. Kwa hiyo mmekuwa mkihangaika na kadi ya baba wakati pengo liko kwingine.

Sasa tuje kwa ami. Naamini kabisa kwamba ndugu wa marehemu anatoa pendekezo lake kwa mapenzi, na kwetu ami ni baba. Lakini daftari la serikali halina nafasi ya baba wa namna hiyo. Kijana akiandikwa kwa ami, karatasi zitasema kwamba marehemu hakumzaa. Siku ya mirathi ya mume wako, kama ameacha nyumba, shamba au fungu katika chombo, mwanawe wa kwanza atasimama mbele ya Kadhi na kitambulisho kinachomtaja baba mwingine. Siku ya mirathi ya ami mwenyewe, watoto wake wa kuzaa watakuta ndugu wa ziada aliyeandikwa kisheria, na ugomvi utakaozuka hapo hautakuwa mdogo. Wadogo zake wakija kuomba vitambulisho kwa jina la baba yao halisi, afisa atauliza kwa nini watoto wa mama mmoja, waliozaliwa ndani ya ndoa moja, wana baba wawili. Na kutoa taarifa za uongo katika maombi ya usajili ni kosa la jinai, kwake yeye, kwa ami na kwako. Sijataja bado mafundisho ya dini yetu kuhusu kuwaita watu kwa baba zao, maana hayo unayajua kunishinda.

Jambo baya zaidi ni kwamba uongo huu haufutiki kirahisi. Alama za vidole vyake zikishaingia na jina la baba asiye wake, hawezi kesho kwenda ofisi nyingine kuomba upya, mashine itamkumbuka. Atalazimika kukiri kwa maandishi kwamba alidanganya, kisha aombe marekebisho.

Tazama, hata hivyo, ami anavyoweza kusaidia bila uongo hata chembe. Kitambulisho chake kinabeba jina la baba yake, ambaye ndiye babu wa mwanao. Ami akiapa kwamba marehemu alikuwa ndugu yake wa baba mmoja, kwamba kijana huyu ni mtoto wa marehemu, na akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake, basi amewaunganisha kijana na ukoo kwa karatasi ya serikali yenyewe. Ushahidi huo ndio msajili anaoutafuta pale mzazi mmoja anapokosekana. Kadi ni ile ile na mtu ni yule yule, ila ametajwa kwa nafasi yake.

Tuingie kwenye majina, na hapa naomba ukae na karatasi zote mbele yako, kwa sababu ndipo maombi mengi ya watu wa pwani yanapokwamia. Bakari na Abubakar ni jina moja kwa anayejua, kama walivyo Athmani na Uthman, Fatuma na Fatma, Shee na Shehe. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia, karani wa zahanati akaandika alivyozoea, na aliyemwandikia marehemu kitambulisho akaandika alivyotaka. Kwa macho ya karani asiye wa huku, hao ni watu tofauti. Kwa mashine ni tofauti zaidi.

Unalazimika kuchagua maandishi ya aina moja na kushikamana nayo. Ushauri wangu ni kufuata cheti cha darasa la nane kwa yale majina matatu ya kijana, yaani lake, la baba na la babu, kwa sababu vyeti vya mtihani ndivyo vigumu zaidi kurekebisha, na ndivyo atakavyodaiwa akitaka kujiunga na chuo au kutafuta kazi. Cheti cha kuzaliwa bado hakijaandikwa. Hiyo, katika shida yenu, ni nafuu, maana mnaweza kukiandika tangu mwanzo kikubaliane na cheti cha shule. Kisha kiapo kimoja, kilichoapwa na wewe mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, kieleze kwamba Abubakar wa cheti cha shule na Bakari wa kumbukumbu za marehemu ni mtu mmoja, na kwamba Shee na Shehe ni babu mmoja. Katika kiapo hicho taja kila karatasi na jinsi jina lilivyoandikwa ndani yake, herufi kwa herufi. Kiapo kinachosema tu "majina haya ni ya mtu mmoja" bila kutaja karatasi ni dhaifu, na nimeona kikirudishwa.

Tazama pia kitambulisho chako mwenyewe. Kama wewe ni Hadija kwenye kadi na Khadija kwenye cheti cha ndoa, liingize hilo katika kiapo hicho hicho.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na cheti cha kuzaliwa, na kwa hilo itabidi mwende Lamu. Kizazi huandikishwa katika eneo kilipotokea, na mtoto aliyezaliwa nyumbani Kizingitini huandikishwa kupitia naibu wa chifu wa huko, ambaye kisheria ndiye mpokeaji wa taarifa za vizazi na vifo vinavyotokea majumbani, kisha shauri likaenda kwa msajili wa vizazi na vifo wa Lamu. Kwa kuwa miezi sita ya kawaida ya kuandikisha ilipita zamani, hii itakuwa taarifa ya kuchelewa, nayo hudai ushahidi zaidi: kadi ya kliniki kama ingalipo, cheti cha darasa la nane, barua ya shule ya msingi inayotaja tarehe ya kuzaliwa aliyoandikishwa nayo, kitambulisho chako, na cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi. Cheti cha ndoa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ndicho kinachomtambulisha marehemu kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa. Kama nikahi yenu ilifungwa na haikuandikishwa, zungumza na ofisi ya Kadhi kabla ya yote. Mkunga akiwa hai, nenda naye kwa naibu wa chifu. Neno la mkunga aliyempokea mtoto lina uzito mkubwa mbele ya mtu wa kisiwani, na mara nyingi yeye ndiye aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa.

Wengine watakuambia kijana anaweza kuombea kitambulisho Malindi kwa sababu ndipo anapoishi na kujulikana na chifu wa huko. Ni kweli, na kwa mtu mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi ningempa ushauri huo bila kusita. Inaokoa nauli na siku. Kwa hali yenu, lakini, safari ya kisiwani haiepukiki kwa ajili ya cheti, na wale wanaoweza kutamka kwamba huyu ni mtoto wa fulani bin fulani, mjukuu wa nyumba fulani, wako huko. Ningefanya yote mawili huko: cheti kwanza, kisha ombi la kitambulisho kwa msajili wa Lamu Mashariki, Faza, wazee na ami wakiwa karibu. Hasara yake ni kwamba hamtamaliza kwa safari moja, maana cheti cha taarifa ya kuchelewa hakitolewi siku hiyo hiyo, na kadi ikitoka itafikia huko na si Malindi. Kama nauli inakushinda, kubali njia ya kati: cheti kiandikishwe Lamu, ami na wazee waape huko huko, kisha ombi la kitambulisho lipelekwe Malindi na viapo vyao vikiwa ndani ya faili. Hiyo nayo hufaulu, ila jiandae kuulizwa maswali zaidi.

Kuhusu safari yenyewe, kuna jambo ambalo hukuliuliza nami naona lazima nilitaje. Kijana wa umri wake asiye na kitambulisho atasumbuliwa kwenye vizuizi vya barabara ya Garsen, Witu na Mokowe, ambako abiria huteremshwa na kuonyesha kadi. Asisafiri peke yake. Aende nawe, mchana, akiwa na cheti chake halisi cha darasa la nane na barua ya chifu wa mnakoishi Malindi yenye muhuri na picha yake, inayoeleza kwamba anakwenda Lamu kuandikishwa. Akiulizwa aseme ukweli huo huo kwa utulivu, na wewe utoe kitambulisho chako. Mkifika Mokowe mnajua wenyewe mambo ya boti: za upande wa Faza na Kizingitini zinafuata maji, na siku ambayo mlango wa bahari wa Mkanda umekauka asubuhi mtafika ofisini watu wamekwisha kufunga. Ulizieni maji kabla ya kupanga siku, na msiende siku ya mwisho ya kazi.

Kupotea kwa baba kunahitaji karatasi yake. Si lazima iwe cheti cha kifo ili kijana apate kitambulisho. Hili ni kosa jingine ambalo watu huambiwa. Kinachotosha ni maelezo yanayoaminika: kiapo chako kuhusu siku chombo kilipotoka na kutorudi, nambari ya taarifa iliyoandikwa kituo cha polisi wakati huo, na barua ya viongozi wa wavuvi wa bandari yenu au ya naibu wa chifu. Jaribu pia kuipata nambari ya kitambulisho cha marehemu, kwa sababu kadi ilizama lakini kumbukumbu yake iko Nairobi, na msajili akiwa na nambari anaweza kuitafuta. Fungua kila kabati: leseni ya uvuvi, daftari la kikundi cha wavuvi wa ufuo, kadi ya bima ya hospitali, karatasi za benki au za shamba, fomu za shule za watoto. Mara nyingi nambari hujificha kwenye nakala ambayo mtu hakuidhania kuwa na maana.

Cheti cha kifo utakihitaji kwa mambo mengine, hasa mirathi. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7, na wale ambao wangepaswa kumsikia, ahesabiwe kuwa amekufa. Tangu 2016 muda huo umepita. Hilo lakini hupitia mahakamani, linataka wakili au msaada wa kisheria, na halina haja ya kulifunga ombi la kijana. Liache lifuate njia yake.

Nije kwa suala la Wabajuni na msasa, yaani ule uchunguzi wa ziada wa uraia, ambalo naliandika kwa uchungu. Watu ambao mababu zao walivua na kulima kati ya Kiunga na Faza kabla ya mpaka wowote kuchorwa wameulizwa kwa miaka mingi wathibitishe kwamba si wageni, kwa sababu tu ndugu zao wengine waliangukia upande wa Somalia. Vijiji vya bara vilihamwa wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960, watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na karatasi chache walizokuwa nazo zikapotelea huko. Matokeo yake ni kwamba mjukuu wa leo anadaiwa ushahidi ambao babu yake aliupoteza akikimbiza roho yake.

Tarehe 5 Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji wa maeneo ya mpakani. Usisafiri ukitegemea tangazo peke yake. Kutambuliwa na chifu na wazee ni jambo ambalo kila mwombaji nchini hupitia, na kwenu linaweza kuwa na maswali mengi kuliko kwa wengine. Tofauti iko hapa: kuulizwa "wewe ni wa ukoo gani, shule ulisoma wapi, nani anakujua" ni halali na yapo majibu, kuambiwa "kabila lako lisubiri" au "rudi mwakani" bila sababu ni ubaguzi, na kifungu cha 27 cha Katiba kinaukataza. Mfundishe kijana, ambaye amekulia Malindi, majina ya mababu zake hadi wa nne, mtaa waliokaa, msikiti waliosali na nahodha ambaye baba yake alivua naye. Nayasema haya kwa sababu nimeona vijana waliozaliwa kisiwani wakigugumia mbele ya wazee kwa kutojua jina la baba wa babu, na wazee wakatazamana.

Yule mtu wa shilingi 8,000 muache. Malipo yoyote ya serikali yanayodaiwa kwa kitambulisho au cheti cha kuzaliwa hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kutoa risiti. Hakuna ada inayokabidhiwa mtu mkononi nje ya ofisi. Viwango vimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2023, kwa hiyo uliza dawatini siku ile ile au tazama eCitizen. Sheria ya kupambana na hongo ya mwaka 2016 inamhukumu anayetoa pamoja na anayepokea. Na madalali wa namna hii huwa na njia moja tu ya kukutimizia ahadi yao, nayo ni kukutafutia baba wa uongo. Fedha hizo zitawatosha kwa nauli, viapo na nakala.

Siku ya kuchukuliwa alama, jambo dogo sana huweza kurudisha kazi yote nyuma. Mikono ya kijana anayevuta kamba na nyavu, au anayechimba mawe na kushika chokaa na saruji, huwa ngozi ya ncha za vidole imelika, na mistari inayohitajika haisomeki. Alama hafifu zikifika Nairobi hurudishwa, na mnaambiwa mje upya baada ya kusubiri miezi. Apumzike kazi hizo kwa wiki moja au mbili kabla, apake mafuta mikono kila usiku, na asubuhi ya siku yenyewe aioshe kwa sabuni na kuikausha kabisa. Afisa akimaliza, amwombe kwa heshima atazame kama vidole vyote vimetoka wazi. Kisha, kabla ya kutia sahihi, asome kila herufi ya jina lake kwenye fomu. Ni dakika moja tu, na hapo ndipo Shee hugeuka tena kuwa Shehe.

Atapewa kikaratasi cha kusubiria. Kipigeni picha kwa simu na mkihifadhi, kwa sababu nambari yake ndiyo mtakayofuatilia nayo. Muda wa kungoja hautabiriki na sitakudanganya kwa kukutajia siku. Ukipita muda walioutaja wao wenyewe, nenda uulize. Kadi nyingi huwa zimekwisha kufika na zimekaa kwenye droo bila mwenyewe kupata habari.

Ombi likikataliwa, usigombane na usiondoke na jibu la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya ofisi ya umma inapomdhuru. Andika barua fupi ya kuomba sababu hizo, ipigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uihifadhi. Ukinyimwa hata hizo, barua hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo.

Kuna hali tatu ambazo maandishi yangu hayatoshi na lazima uonane na wakili au msaidizi wa kisheria ana kwa ana, Lamu au Malindi, kote wapo. Ya kwanza ni kama tayari kuna fomu yoyote iliyokwisha kujazwa ikimtaja ami kuwa baba, hata kama mliiacha njiani. Mwambie wakili ukweli huo mapema kabla ya kutuma ombi jipya. Ya pili ni kama mtaambiwa alama za kijana zinalingana na za mtu mwingine. Ya tatu ni shauri la kumhesabu mume wako kuwa amekufa, pamoja na mirathi inayofuata.

Na wale wadogo zake wawili usiwaache nyuma. Nao ni watoto wa baba yule yule, na kiapo kile kile cha majina, cheti kile kile cha ndoa na ushahidi ule ule wa ami vitawafaa. Ukiwa kwa naibu wa chifu wa Kizingitini na mkunga amekaa pembeni yako, waandikishe wote watatu, kwa maandishi ya aina moja ya jina la baba na babu. Kisha toa nakala za kila kitu, seti moja ikae kwako Malindi na nyingine kwa ami kisiwani.